Moyo unaodunda bila kukimbia: Mazoezi ya mwili na maradhi ya wasiwasi

WASAFIRI waliopita barabara ya Biharamulo kwenda Ngara katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawajasahau. Kwa sababu ya ujambazi uliokuwa ukifanyika porini, mabasi yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari wenye silaha. Basi likiingia porini, mazungumzo yanakatika. Kila mtu anasikia moyo wake unavyodunda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka na tumbo linasokota. Likitokea upande wa pili salama, watu wanashusha pumzi, utani unarudi, na baada ya muda hakuna anayeukumbuka moyo wake.

Hofu ya namna ile haikuwa ugonjwa. Hatari ilikuwepo, na mwili ulifanya kazi yake. Tatizo ambalo makala haya yanalizungumzia ni la mtu ambaye pori amekwisha kulivuka, lakini moyo wake bado unadunda. Amekaa dukani, au amelala kitandani kwake mlango umefungwa, na mwili wake uko vilevile kama ulivyokuwa ndani ya lile basi. Hali hiyo ikidumu huwa ni maradhi, na miongoni mwa tiba zake imo moja isiyouzwa dukani, nayo ni mazoezi ya mwili. Tuangalie, ndugu msomaji, namna mazoezi yanavyofanya kazi ndani ya ubongo, na yanafika wapi katika uwezo wake.

Wilaya zenye sababu ya hofu

Watu wa Ngara na Biharamulo wamepitia mambo mazito. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa ulioota usiku mmoja. Baadaye ukafuata ujambazi wa njiani tulioutaja.

Hivi karibuni, tarehe 20 Januari 2025, Serikali ilitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo. Mpaka mlipuko ule ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamefariki: wawili ambao vipimo vyao vilithibitisha ugonjwa na wanane waliohesabiwa kuwa yumkini waliugua. Katika siku kama hizo mtu akiumwa kichwa kidogo tu, roho inaruka. Na wapo ambao maradhi hupita lakini roho haitulii.

Juu ya hayo yapo mambo ya kila siku: ada za shule, migomba iliyonyauka, biashara ya mpakani iliyolala, mtoto aliyekwenda mbali na hapigi simu. Kwa hiyo anayeshikwa na wasiwasi asionekane kuwa ni mtu dhaifu au mwenye imani haba.

Wasiwasi unapokuwa ugonjwa

Kila mwanadamu huwa na wasiwasi. Wataalamu wa afya ya akili huuita ugonjwa pale unapokuwa hauzuiliki, unapomshika mtu siku nyingi kuliko zile anazokuwa huru kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na unapomharibia usingizi, kazi na maelewano na watu. Wengine hupata shambulio la ghafla: moyo unakwenda mbio, pumzi zinabana, mikono inakufa ganzi, na mtu anaamini kuwa anakata roho. Baada ya dakika kadhaa hali inapungua, lakini kuanzia hapo anaishi akiogopa shambulio lijalo.

Katika nyumba zetu mtu wa namna hii mara nyingi husemwa kuwa amekumbwa na jini au amehusudiwa. Atazungushwa kwa waganga, fedha zitakwisha, na hospitali itafikiwa mwisho. Dua ni silaha ya Muislamu na hakuna anayeikataza. Lakini aliyevunjika mguu huombewa dua na akafungwa plasta vilevile, wala hakuna anayeona mgongano. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, na huugua kama viungo vingine.

Yanayotokea mwilini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku. Ikihisi hatari inapiga kelele, na ujumbe unashuka hadi kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga kwenye damu homoni ya adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unaongeza kasi ili damu ifike kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi zinaongezeka. Sukari iliyohifadhiwa kwenye ini inatolewa iwe nishati. Tumbo linapunguza kazi yake, na ndiyo maana linasokota.

Maandalizi hayo yote ni ya jambo moja: kukimbia au kupigana. Tatizo la abiria wa lile basi ni kwamba mwili wake umeandaliwa kukimbia, naye ameketi. Na anayeogopa deni, ugonjwa au maneno ya watu yuko katika hali hiyohiyo. Deni halikimbiwi kwa miguu. Basi ile nguvu inazunguka mwilini bila kazi, na yule mlinzi asiposikia kuwa hatari imekwisha, anaendelea kupiga kelele.

Mazoezi yanavyofanya kazi

Mtu anapotembea kwa kasi au kukimbia, moyo wake unadunda, pumzi zinapanda na jasho linatoka. Dalili ni zilezile za hofu, isipokuwa safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyezileta, mahali pa salama, na akipumzika zinakwisha. Akirudia hivyo mara nyingi, ubongo unajifunza kwamba moyo kudunda si alama ya kifo. Jambo hili ni kubwa kwa mwenye mashambulio ya ghafla, kwa sababu sehemu kubwa ya ugonjwa wake ni kuziogopa dalili zenyewe.

Pamoja na hilo yapo mabadiliko ya kemikali. Hebu tuyaangalie moja moja.

1. Adrenalini na kotisoli. Wakati wa mazoezi homoni hizi hupanda, lakini kwa aliyezoea mazoezi mwili hujifunza kuzishusha upesi baada ya kazi. Mwili wa namna hiyo unakuwa na breki nzuri hata hofu ya kweli inapokuja.

2. Endofini. Hizi ni kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Kwa miaka mingi watu walidhani kuwa ndizo peke yake zinazoleta ile raha baada ya kukimbia. Lakini endofini zilizo kwenye damu haziingii kwa urahisi ndani ya ubongo. Mwaka 2015 watafiti nchini Ujerumani walichapisha majaribio ya panya waliopewa gurudumu la kukimbilia. Walipozuia kazi ya endofini, panya waliokimbia waliendelea kuwa watulivu. Walipozuia kundi jingine la kemikali, ule utulivu ulitoweka.

3. Endokanabinoidi. Hilo ndilo kundi jingine lenyewe. Ni kemikali za mafuta ambazo mwili unazitengeneza wenyewe, na kwa wanadamu pia zimeonekana kuongezeka kwenye damu baada ya kukimbia. Zinafanya kazi kwenye milango ileile ya ubongo ambayo sumu ya bangi huivamia. Kijana asije akaligeuza hili kuwa hoja. Mwili hutoa kiasi kidogo, kwa wakati wake, na kukiondoa. Bangi humwaga kiasi kikubwa bila mpango, na inajulikana kuleta hofu kali na hata kuchanganyikiwa.

4. GABA. Hii ni kemikali inayotuliza seli za fahamu zilizopandisha mori. Dawa ya usingizi ya diazepamu hufanya kazi kwa kuipa nguvu kemikali hii. Vipimo vya ubongo vimeonyesha kuwa inaongezeka katika baadhi ya sehemu za ubongo baada ya mazoezi makali.

5. BDNF. Hii ni protini inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana. Tunaweza kuifananisha na samadi kwenye mgomba. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, iliongezeka kwa asilimia 2 hivi kwa waliotembea, na ilipungua kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Sehemu hiyo pia humsaidia mtu kutofautisha hatari ya zamani na usalama wa sasa. Ndiyo inayoweza kumwambia yule mlinzi: hili si lile pori.

Je, yanaponya kweli?

Mwaka 2021 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 286 wa wasiwasi. Nusu yao walikuwa wameishi na maradhi hayo kwa miaka 10 au zaidi. Baadhi waliwekwa kwenye makundi ya mazoezi ya saa moja, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Wengine walipewa ushauri tu kuwa wafanye mazoezi. Waliokuwa kwenye makundi walipata nafuu kubwa zaidi, waliofanya mazoezi ya wastani na waliofanya ya nguvu.

Hapa kuna funzo kwetu. Kumwambia mgonjwa "fanya mazoezi" hakutoshi. Anahitaji mtu wa kwenda naye, siku inayojulikana na saa inayojulikana. Mwenye wasiwasi akiachwa peke yake atapata sababu mia za kubaki ndani.

"Mbona sisi tunalima kutwa?"

Hapana shaka msomaji wa Rulenge au Nyakahura atauliza: mimi nashika jembe toka asubuhi, mke wangu anabeba kuni na maji kupanda mlima, tutakosaje mazoezi? Swali hili ni la haki.

Tafiti nyingi zimeona kwamba mwendo wa hiari, kama matembezi na michezo, unakwenda pamoja na utulivu wa akili, lakini kazi nzito ya kutafuta riziki haileti faida hiyo kwa kiwango kilekile. Sababu zinazotajwa zinaeleweka. Kazi ya shamba humlazimu mtu hata akiwa amechoka au ana homa, haina kipimo wala mapumziko ya kutosha, na wasiwasi wenyewe huenda naye shambani: mvua itanyesha au haitanyesha, bei ya kahawa itapanda au itashuka. Basi mkulima aliyechoka asiambiwe akimbie tena jioni. Yeye anahitaji usingizi, mapumziko, na mwendo mdogo wa furaha: kupiga soga njiani na rafiki, au kucheza mpira na watoto.

Lakini wengi wetu hatushiki tena jembe. Yupo mwenye duka Nyakanazi anayekaa kwenye kiti toka asubuhi hadi usiku. Yupo fundi cherehani. Yupo kijana wa bodaboda ambaye injini ndiyo inayopanda mlima badala yake. Yupo dereva wa lori la kwenda Rwanda au Burundi anayeketi siku nzima, kisha anaketi tena kusubiri foleni ya Rusumo au Kabanga, akifikiria mzigo, familia na usalama wa njiani. Hawa ndio abiria wa lile basi: vichwa vinakimbia, miguu imelala. Hao hasa ndio wanaoambiwa wainuke.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku 5. Kipimo cha mazoezi ya wastani ni rahisi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kusoma kaswida.

Asiyezoea aanze na dakika 10 kwa siku kwa wiki 2 za mwanzo, kwa mwendo wa kawaida. Wiki 2 zinazofuata azifanye 20 na aongeze kasi. Baada ya hapo afikie 30. Ngara imejaaliwa vilima. Kupanda kilima taratibu ni mazoezi kuliko kutembea tambarare kwa muda uleule. Baada ya kutembea mara moja tu mtu huweza kuhisi nafuu kwa saa chache. Nafuu ya kudumu huhitaji wiki 8 hadi 12, kwa hiyo asikate tamaa wiki ya pili.

Hofu ikikupanda katikati ya mazoezi, usisimame ghafla wala usikimbilie nyumbani. Punguza mwendo, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa mdomo kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na uendelee mpaka itulie. Ukifanya hivyo mara tatu nne, utakuwa umeufundisha mwili wako jambo ambalo maneno hayawezi kuufundisha.

Akina mama, wazee na mwezi wa Ramadhani

Baadhi ya dada zetu wanadhani mazoezi ni mambo ya uwanjani na kaptula. Sivyo. Akina mama watatu au wanne wanaweza kutembea pamoja wakiwa na mavazi yao ya stara na viatu vya raba, baada ya kupambazuka, si gizani. Asiyeweza kutoka ana ua wake: aruke kamba, achuchumae na kuinuka, apande na kushuka ngazi ya baraza kwa dakika 10 mara tatu kwa siku. Na mume akiona mkewe hana raha, asimpe hotuba. Amwambie, "Mama Fulani, twende tukawasalimie jamaa kwa miguu." Mabinti nao wakitoka madrasa waachwe wacheze kabla ya kushikishwa ndoo.

Kuhusu swala, wapo wanaosema kuwa swala tano zinatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada, na haiswaliwi kwa ajili ya misuli. Mwendo wake ni mwepesi na haufikii kile kipimo tulichokitaja. Lakini anayeacha pikipiki na kwenda msikitini kwa miguu, dakika 10 kwenda na 10 kurudi, mara mbili kwa siku, amekwisha pata dakika 40. Wazee wengi wana dawa hii bila kujua.

Katika Ramadhani, muda mzuri ni nusu saa ya matembezi mepesi kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe. Maji yanywewe ya kutosha kati ya futari na daku.

Yanayoharibu kazi

Kagera ni nchi ya kahawa, ya kunywa na ya kutafuna. Kafeini iliyomo humwongezea mtu mapigo ya moyo na kumnyima usingizi. Mwenye maradhi ya wasiwasi aipunguze kidogo kidogo, na ikipita adhuhuri aiache kabisa.

La hatari zaidi ni diazepamu inayonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Inatuliza haraka, lakini mwili huizoea, dozi hupanda, na kuiacha ghafla huweza kuleta degedege. Anayeitumia tayari asiiache peke yake. Aende kwa daktari apunguziwe kwa mpango. Kadhalika anayetumia dawa nyingine za wasiwasi asizitupe kwa sababu ameanza kutembea.

Nani aende hospitali kwanza

Si kila moyo unaodunda ni wasiwasi. Upungufu wa damu, malaria, kushuka kwa sukari na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana. Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayezimia, anayebanwa pumzi akiwa amekaa, au anayekonda bila sababu, apimwe kabla ya kuanza mazoezi. Mwenye homa asikimbie kabisa. Na baada ya yaliyotokea Biharamulo mwaka 2025, homa kali yenye kutapika na kuharisha isiitwe wasiwasi wala isitibiwe nyumbani.

Mazoezi yanasaidia zaidi katika wasiwasi mwepesi na wa wastani. Anayeshindwa kutoka nje, asiyelala siku nyingi mfululizo, au anayerudiwa na picha za mambo ya kutisha aliyoyaona, anahitaji mtaalamu, na mazoezi yatakuwa msaidizi wa tiba. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, na aseme wazi kuwa tatizo ni hofu, si kuishia kutaja tumbo na kichwa tu. Na yeyote anayesema ni bora afe asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe siku hiyohiyo.

Ndugu msomaji, msafara wa mabasi porini ulikuwa na hekima yake: hakuna basi lililoachwa livuke peke yake. Ikiwa nyumbani kwako au jirani yako yupo ambaye moyo wake bado unadunda, usingoje aombe. Kesho baada ya Alfajiri, kukipambazuka, mgongee mlango umwambie mtembee kidogo. Msizungumze mengi. Miguu ikianza kazi, Inshaallah moyo nao utapata pa kutulia.